Rosemary Karuga: Mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Meru aliyetunzwa uzeeni

CHANDA chema huvikwa pete, lakini pete ya mwalimu wa sanaa aghalabu huchelewa kufika. Rosemary Namuli Karuga, aliyezaliwa Meru mnamo Juni 19, 1928, alifundisha shuleni kwa miongo kadhaa kabla ya makumbusho na majumba ya sanaa kulitambua jina lake. Heshima kubwa ya kwanza ilimjia kutoka New York mwaka wa 1990, akiwa ameshavuka umri wa miaka 60. Ile ya nyumbani, kutoka kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ilifika mwaka wa 2017, akikaribia miaka 90 na akiwa amekwisha kuhamia ughaibuni.

Kisa chake kina uzito wa pekee kwa wakazi wa Meru, kuanzia mjini hadi vituo vya mashambani kama Ruiri. Ruiri iko katika eneo bunge la Buuri, upande ambao ardhi inateremka kutoka Mlima Kenya kuelekea nyanda kame za Isiolo. Watoto wa shule za huko, sawa na wenzao kote nchini, sasa hufundishwa sanaa bunifu chini ya mtaala wa umilisi. Miongoni mwa mbinu wanazojifunza ni kolaji, yaani kubuni picha kwa kukata na kubandika vipande vya karatasi na vifaa vingine. Ndiyo mbinu iliyomfikisha Karuga katika kumbi za Marekani na Ulaya.

Hata hivyo, kolaji zake zilihifadhiwa, zikaonyeshwa na kununuliwa, ilhali masomo aliyoyatoa darasani hayakubaki ukutani mahali popote. Ndiyo sababu maisha yake yanaibua swali linalowahusu walimu wengi: je, kazi ya kumfundisha mtoto kutazama, kuelewa na kuthamini sanaa hupimwa kwa kigezo gani, na hutunzwa lini?

Asili yake na safari ya Makerere

Karuga alizaliwa na baba Mganda na mama Mkenya. Kipaji chake cha kuchora kilitambuliwa akiwa mwanafunzi, na mtawa kutoka Ireland aliyekuwa mwalimu wake ndiye aliyempendekezea kwenda kusomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala. Hatua hiyo ya mwalimu mmoja ndiyo iliyofungua njia yote iliyofuata.

Alijiunga na Makerere mwaka wa 1950 na kuhitimu mwaka wa 1952. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya chuo hicho. Uzito wa jambo hilo unaeleweka ikizingatiwa kwamba Makerere ilikuwa imeanza kupokea wanafunzi wa kike mwaka wa 1945 tu, miaka mitano kabla ya yeye kuingia. Huko alisomea usanifu wa michoro, uchoraji wa rangi na uchongaji.

Wakati huo Makerere ndiyo iliyokuwa chimbuko kuu la mafunzo rasmi ya sanaa Afrika Mashariki. Vijana kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walikutana katika karakana moja, na wengi wao waliporejea makwao walikuwa walimu. Kwa hiyo, ili kuuelewa ualimu wa Karuga, yafaa kwanza kumtazama mwanamke aliyeianzisha shule hiyo.

Shule iliyoanzia barazani

Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1904, alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 akiandamana na mumewe, daktari Hugh Trowell. Alikuwa amesomea sanaa katika Slade School of Fine Art jijini London, kisha akajifunza ualimu chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyebadilisha namna watoto wa Uingereza walivyofundishwa kuchora. Familia hiyo ilipohamia Uganda katikati ya miaka ya 1930, Trowell alianza mwaka wa 1937 kuwafundisha wanafunzi wachache kwenye baraza ya nyumba yake. Kutokana na darasa hilo dogo ilichipuka shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka wa 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa jijini London.

Mbinu yake ya kufundisha ilikuwa ya kipekee. Badala ya kumwekea mwanafunzi picha ya Ulaya ili aiige, Trowell alimsimulia tukio kwa maneno: soko lenye shughuli nyingi, mavuno, safari ya usiku au hadithi ya Biblia. Mwanafunzi aliyafumba macho, akaiona picha hiyo akilini, kisha akaichora kwa namna yake. Aidha, Trowell alikusanya na kuchunguza kazi za mikono za Waganda na jamii jirani, zikiwemo vikapu, ngoma, vyungu na vitambaa vya magome ya miti, na mwaka wa 1953 alichapisha pamoja na K. P. Wachsmann kitabu kuhusu ufundi wa jamii za Uganda. Aliwataka wanafunzi wake wavione vitu hivyo kuwa sanaa yenye kanuni na uzuri wake.

Mbinu hiyo haikukosa wakosoaji. Baadhi ya wahakiki waliona kwamba kuwaepusha wanafunzi na sanaa ya ulimwengu kwa hofu kwamba wangepoteza asili yao kuliwanyima maarifa ambayo wasanii wa nchi nyingine waliyapata kwa uhuru. Cecil Todd, aliyemrithi Trowell alipoondoka mwaka wa 1958, alifuata njia tofauti, akatilia mkazo historia ya sanaa, nadharia ya rangi na kazi za wasanii wa Ulaya. Mvutano kati ya njia hizo mbili, ile ya kuanza na kilicho karibu na ile ya kuanza na hazina ya dunia, ungalipo katika ufundishaji wa sanaa hadi leo.

Karuga alisoma enzi za Trowell, na kazi alizozifanya baadaye zinadhihirisha hivyo. Mada zake zilikuwa maisha ya kila siku: watu wa mashambani, mifugo, ndege na wanyama wa porini.

Miongo ya chaki na ubao

Baada ya kuhitimu, Karuga alirejea Kenya, akaolewa, akalea familia na kufanya kazi ya ualimu hadi alipostaafu katika miaka ya 1980. Katika kipindi hicho kirefu hakujulikana kama msanii. Hakuwa na maonyesho ya kutajika, wala jina lake halikuandikwa katika orodha za wachoraji mashuhuri wa taifa changa.

Jambo hili si la ajabu. Kwa mwanamke wa kizazi chake, kazi ya shule na kazi ya nyumbani zilikula saa zote za mchana. Rangi za mafuta, turubai na brashi ziligharimu pesa nyingi, na wanunuzi wa sanaa wakati huo walikuwa wachache na wengi wao wageni. Msanii aliyetaka mshahara wa uhakika alikwenda darasani.

Kundi hili la walimu waliotoka Makerere liliacha alama katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa mwaka wa 1922, alifundisha uchongaji Makerere kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1960. Mnara wa Uhuru ulioko Kampala, unaoonyesha mama akimnyanyua mtoto wake juu, ni kazi ya mikono yake. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame chini ya Mlima Kilimanjaro, alifundisha Makerere, akawa Balozi wa Tanganyika jijini London baada ya uhuru, kisha akarudi kuhudumu katika sekta ya utamaduni na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka wa 1993.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora mwaka wa 1959 picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la kumbukumbu mjini Murang'a, akimwonyesha Kristo katika mandhari ya Kiafrika. Mwaka wa 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, jumba la sanaa ambalo jina lake linacheza na maneno mawili ya Kiswahili: paa mnyama, na paa kwa maana ya kuruka juu. Njau alihimiza kwamba msanii asiwe mtu wa kuiga kazi za wengine, na jumba hilo likawa shule isiyo na mitihani kwa vizazi kadhaa vya wasanii. Moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mali yake mwaka wa 1997 haukulizima.

Karatasi za unga na sabuni

Karuga alipostaafu hakukaa kitako kusubiri uzee. Mnamo 1987, akikaribia miaka 60, alirejea kwenye sanaa kwa bidii na akapata nafasi ya kufanyia kazi zake Paa ya Paa. Mwalimu mstaafu akawa tena mwanafunzi wa mikono yake mwenyewe.

Changamoto ilikuwa ile ile ya zamani: bei ya vifaa. Yeye aliitatua kwa kutumia kilichokuwa nyumbani. Alichukua karatasi za pakiti za unga, vifungashio vya sabuni ya Rexona na kurasa za magazeti na majarida, akazikata au kuzichana vipande vidogo na kuvibandika kimoja baada ya kingine kwa gundi. Rangi aliyoihitaji hakuichanganya kwenye kibao cha mchoraji, bali aliitafuta katika takataka. Wekundu wa pakiti moja ukawa kanga ya mama, kijani cha pakiti nyingine kikawa jani, na hudhurungi ya karatasi ya unga ikawa ardhi na ngozi ya mnyama.

Matokeo yake yanakaribiana na mosaiki, sanaa ya kale ya kupanga vijiwe vya rangi hadi vitoe picha. Mtazamaji aliye mbali huona umbo zima, mathalani kuku, punda milia au wanawake walioketi. Akisogea karibu, umbo hilo huvunjika na kuwa mamia ya vipande ambavyo kila kimoja kilikuwa na kazi yake ya kawaida jikoni au bafuni. Kazi ya namna hii humlazimisha mtu kutazama mara mbili, na pengine ndipo mwalimu aliyekuwa ndani ya Karuga anapoonekana waziwazi zaidi.

Miongoni mwa kazi zake zinazotajwa sana ni picha alizozibuni kwa ajili ya The Palm-Wine Drinkard, riwaya ya Mnigeria Amos Tutuola. Kwa sadfa, riwaya hiyo ilichapishwa London mwaka wa 1952, mwaka ule ule Karuga alipohitimu Makerere.

Heshima zilivyomfikia

Mwaka wa 1990, Studio Museum in Harlem ya jijini New York iliandaa maonyesho ya wasanii tisa wa kisasa kutoka Afrika. Walikuwemo El Anatsui na Ablade Glover wa Ghana, Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, Souleymane Keita wa Senegal, Youssouf Bath wa Ivory Coast, na wachongaji Tapfuma Gutsa, Nicholas Mukomberanwa na Henry Munyaradzi wa Zimbabwe. Wa tisa alikuwa Rosemary Karuga, mwanamke pekee katika orodha hiyo.

Inafaa kutambua kwamba hakuwa mwalimu pekee kati yao. El Anatsui alikuwa akifundisha uchongaji katika Chuo Kikuu cha Nigeria mjini Nsukka tangu mwaka wa 1975, naye Glover alikuwa mhadhiri wa sanaa mjini Kumasi. Barani Afrika, historia ya sanaa ya kisasa na historia ya ualimu wa sanaa ni pande mbili za sarafu moja.

Katika miaka ya 1990 kazi za Karuga zilionyeshwa pia Paris na London. Mwaka wa 2006 alihamia Ireland kuishi na binti yake, katika nchi ile ile alikotoka mtawa aliyemwelekeza Makerere zaidi ya nusu karne awali. Mwaka wa 2017, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalimtangaza kuwa msanii wa mwezi. Alifariki dunia huko Ireland mnamo Februari 9, 2021, akiwa na umri wa miaka 92.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwa Karuga, methali hiyo ilitimia kinyumenyume: wageni walimtunza kwanza, wenyeji wakafuata robo karne baadaye. Vilevile, heshima zote hizo zilimlenga msanii. Miongo aliyosimama mbele ya wanafunzi ilitajwa katika wasifu wake kama kipindi cha kungoja, ilhali ndicho kilichokuwa sehemu kubwa zaidi ya maisha yake ya kazi.

Aina za tuzo kwa walimu wa sanaa

Ukiichunguza historia, utaona kwamba heshima kwa walimu wa sanaa huja katika sura kadhaa.

Ya kwanza ni taasisi kupewa jina la mwalimu. Shule ya sanaa ya Makerere inaitwa hadi leo kwa jina la Margaret Trowell, aliyefariki mwaka wa 1985. Mwanafunzi anayejiandikisha hapo hulitamka jina la mwalimu huyo hata kama hajui lolote kuhusu baraza ilipoanzia.

Ya pili ni kazi ya mwalimu kuhifadhiwa. Mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka wa 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulichukuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, mwaka wa 1960. Mwalimu wa Makerere akaingia katika mkusanyiko mmoja na wachoraji mashuhuri zaidi wa karne hiyo.

Ya tatu ni nishani ya dola. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950 na kuhamia Uingereza mwaka wa 1971, alitunukiwa nishani ya OBE mwaka wa 2008. Katika orodha ya heshima ya Mwaka Mpya wa 2020 alipandishwa hadi daraja la Dame. Katika uteuzi huo wa pili, mchango wake katika elimu ya sanaa ulitajwa bega kwa bega na sanaa yenyewe. Odundo alifundisha kwa miaka mingi mjini Farnham, na mwaka wa 2018 aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu cha sanaa chenye makao huko, University for the Creative Arts. Vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, lakini waliomtunuku hawakuusahau ubao.

Kenya nayo ina utaratibu wake wa nishani, unaoongozwa na Sheria ya Heshima za Kitaifa ya mwaka wa 2013. Rais huwatunuku wananchi waliotukuka, kwa desturi wakati wa sherehe za Jamhuri Dei mnamo Desemba 12. Sheria hiyo haimfungii mlango mwalimu wa sanaa. Linalohitajika ni watu wanaomfahamu kumpendekeza.

Ya nne ni tuzo ya ualimu wenyewe. Wakenya wanaikumbuka Global Teacher Prize kwa sababu ya Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi na hisabati kutoka Kaunti ya Nakuru aliyeshinda dola milioni moja mwaka wa 2019. Wachache wanakumbuka kwamba mshindi wa mwaka uliotangulia, 2018, alikuwa mwalimu wa sanaa. Andria Zafirakou alifundisha uchoraji na ufumaji katika shule ya umma katika mtaa wa Brent jijini London, ambako wanafunzi walizungumza makumi ya lugha. Kwa wengi wao, kuchora kulikuwa njia ya kujieleza kabla ya kuimudu lugha ya darasani. Alitumia zawadi yake kuanzisha mpango wa kuwapeleka wasanii shuleni.

Ya tano haina cheti wala jukwaa, nayo ni mwanafunzi. Mtawa aliyemtambua Karuga hakupata nishani kwa kitendo hicho. Tuzo yake ilikuwa Karuga mwenyewe.

Uthamini wa sanaa hufundishwaje?

Watu wengi hudhani kwamba kufundisha sanaa ni kufundisha kuchora tu. Kuchora ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni uthamini, yaani uwezo wa kuitazama kazi ya sanaa, kuielewa na kutoa hukumu yenye sababu.

Mmarekani Edmund Burke Feldman alipanga kazi hiyo katika hatua nne ambazo walimu wa nchi nyingi wanazifuata. Hatua ya kwanza ni kueleza: mwanafunzi hutaja anachokiona bila kukisifu wala kukikosoa. Ya pili ni kuchanganua: rangi, mistari, maumbo na nafasi vimepangwaje, na jicho linaelekezwa wapi kwanza? Ya tatu ni kufasiri: kazi hii inasema nini, na ni kitu gani ndani yake kinachomfanya mtazamaji aseme hivyo? Hukumu huja mwisho, katika hatua ya nne.

Mpangilio huo una busara. Mtu asiyefunzwa huanza na hukumu: "Ni nzuri" au "Si nzuri." Mwalimu humchelewesha mwanafunzi, akamtaka atazame kwanza. Tabia hiyo ya kutohukumu kabla ya kutazama inamfaa mtu sokoni, mahakamani, na hata mbele ya picha za simu na televisheni ambazo nyingi zimetengenezwa ili kumshawishi asifikiri.

Somo hilo halihitaji jumba la sanaa. Kiondo kilichosukwa na mama wa Meru kina mpangilio wa rangi, marudio ya umbo na ulinganifu, na kinaweza kupitishwa katika hatua zote nne. Vivyo hivyo kibuyu, kigoda, kanga pamoja na jina lake, au maandishi yaliyochorwa kwenye ukuta wa duka. Makavazi ya Meru, yaliyomo ndani ya jengo la enzi za ukoloni mjini, yana vitu vya kale vya jamii ya Wameru ambavyo darasa kutoka Ruiri linaweza kwenda kuvitazama na kurudi siku hiyo hiyo.

Sanaa ilivyotoka na kurudi katika mitihani

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, sanaa na ufundi yalikuwa miongoni mwa masomo ya shule ya msingi yaliyotahiniwa. Dhamira ilikuwa kumwezesha kijana kujitegemea kwa mikono yake. Hata hivyo, masomo yalikuwa mengi, na wazazi walilalamikia mzigo wa vifaa na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa KCPE ulipunguzwa, na sanaa ikaachwa nje ya orodha.

Kilichofuata kilitabirika. Kipindi cha sanaa kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini katika shule nyingi kilitumiwa kudurusu hisabati au Kiingereza. Somo lisilotahiniwa halikuwa na alama, na mwalimu wake hakuwa na matokeo ya kuonyesha siku ya kutuza walimu bora. Kizazi kizima cha Wakenya kilimaliza shule ya msingi bila kufundishwa kwa dhati kutazama picha.

Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio kuanzia mwaka wa 2017 na kuanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umebadilisha hali hiyo. Sanaa bunifu hufundishwa na kutathminiwa katika shule ya msingi na sekondari ya msingi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanajiunga na mojawapo ya mikondo mitatu, na mmoja wa mikondo hiyo ni wa sanaa na michezo.

Mtaala peke yake hauwezi kumlea msanii, wala mtazamaji. Mkondo wa sanaa unahitaji mwalimu aliyefunzwa, chumba cha kufanyia kazi na vifaa. Shule ya mashambani isiyo na rangi inaweza kujifunza kutoka kwa Karuga kwamba pakiti ya unga, makasi na gundi zinatosha kuanzia. Lakini haifai mfano wake ugeuzwe kisingizio cha kutowapa watoto vifaa. Yeye alitumia karatasi za sabuni kwa kukosa rangi, na miaka 35 ilipita kati ya kuhitimu kwake na siku aliporejea kikamilifu kwenye sanaa. Hakuna ajuaye ni picha ngapi zilipotea katika pengo hilo.

Deni lililosalia

Heshima kwa mwalimu wa sanaa si lazima ingoje New York au ikulu. Shule inaweza kuhifadhi kazi bora za wanafunzi wake na kuandika kando yake jina la mwalimu aliyeziongoza. Kaunti inaweza kuandaa maonyesho ya kila mwaka na kumwita mwalimu mstaafu ayafungue. Waliofaulu katika uchoraji, usanifu wa mavazi, ujenzi au upigaji picha wanaweza kutaja hadharani ni nani aliyewafundisha kutazama.

La muhimu zaidi ni kufanya hivyo mwalimu angali hai. Karuga alibahatika kuishi miaka 92, na umri huo mrefu ndio uliompa muda wa kutunzwa. Lau angefariki akiwa na miaka 58, wastani wa maisha ya wengi wa kizazi chake au zaidi, jina lake lingebaki katika daftari la wanafunzi wa Makerere kama mwanamke wa kwanza wa shule ya sanaa, na basi. Wapo walimu waliokuwa na kipaji kama chake ambao hawakuufikia umri huo, na kumbukumbu zao zimo vichwani mwa wanafunzi wao tu. Nao wanafunzi hao wanazeeka.